Sauti ya Bibi Wodini

Kila asubuhi Kasuku aliamshwa na sauti ya bibi yake, nyembamba na kali kama wembe, iliyopenya ukuta bila kubisha hodi. Msichana huyo alipewa jina la Kasuku kwa ustadi wake wa kuiga watu. Sauti ya bibi aliiiga kwa heshima zote, hasa alipotaka binamu zake waache mpira wakaoshe vyombo vya zamu yake.

Siku hizo tamu ziliyeyuka polepole. Sauti ya bibi ikawa nzito, ya kukwaruza. Akawa anavaa sweta jua la utosi, anasinzia huku akichambua mchele.

"Uzee huo," alisema mjomba, na nyumba nzima ikaridhika.

Kisha homa ya mapafu ikamwangusha. Sasa alilala katika chumba cha wagonjwa mahututi, uso umevimba, mwili wa baridi, akiitwa anaguna tu. Dawa zilimiminika mshipani, lakini hali ilizidi kudorora.

"Siku zote anakwaruza hivi?" daktari aliuliza.

"Ndiyo, daktari. Uzee," mjomba alijibu.

"Si kweli, mjomba!" Kasuku alivuta pumzi. "Bibi alikuwa hivi: We mtoto! Hiyo sufuria itajiosha yenyewe?"

Muuguzi nusura adondoshe trei. Mjomba akamkazia macho mpwa wake. "Hapa ni hospitali, si jukwaa!"

"Mwache," daktari alisema. "Nini kingine kimebadilika, mwanangu?"

Kasuku alieleza yote, sweta na usingizi, huku machozi yakimlengalenga. Kwa mara ya kwanza maishani hakutia chumvi.

Daktari aligonga nyuma ya kifundo cha mguu wa bibi kwa nyundo ndogo. Unyayo uliruka, kisha ukarudi kwa uvivu mkubwa.

"Shingoni mwa kila mtu kuna tezi," alisema. "Homoni yake ndiyo huuendesha mwili. Tezi ya bibi imezembea kitambo, ndiyo maana sauti imekuwa nzito, anahisi baridi na kusinzia. Homa imemkuta hana nguvu. Tukichelewa, tutampoteza."

Damu ikapelekwa maabara, na tiba ikaanza kabla ya majibu. Majibu yalimuunga mkono daktari. Siku chache baadaye bibi alifumbua macho.

"Mbona mnanikodolea macho kama maiti?" alikwaruza.

Mjomba alicheka na kulia kwa pamoja.

"Daktari, ile sauti yake itarudi?" Kasuku alinong'ona.

"Polepole, akinywa dawa kila siku. Wewe uliikumbuka, ndiyo maana tukajua imepotea. Mtu wenu akibadilika, msiusingizie uzee. Semeni mapema, tena semeni kweli."