Ukurasa wa Kumi na Nne

Saa moja na robo asubuhi mwalimu alifungua daftari la saini, akapiga yowe lililomtoa mumewe kitandani. Ukurasa wa kumi na nne haukuwepo. Majina ishirini yalikuwa yamekwenda na maji, na halmashauri ilitaka mia tano kamili kabla ya saa nne, la sivyo bwawa la ndege korongo lingefukiwa liwe maegesho ya magari.

Mumewe, sajini mstaafu ambaye sasa alitengeneza saa, alivaa miwani yake ya kazi. Kwa miezi mitatu mkewe alimbembeleza atie saini, naye alijibu lilelile: miaka ishirini na saba ya upolisi ilimfundisha kukaa mbali na siasa. Lakini wizi ni wizi, tena ndani ya nyumba yake! Ukurasa ulikuwa umekatwa kwa wembe, mkato umenyooka kama kwa rula.

Mwalimu alimtaja dalali wa viwanja. Jana jioni alifuata saa yake, akaachwa sebuleni peke yake dakika kumi nzima.

Saa mbili kasoro robo Sajini alikuwa mlangoni kwake. Dalali alicheka mpaka akashika mbavu.

"Lile bwawa nalitaka, sikatai. Ndiyo maana ningebeba daftari zima. Ukurasa mmoja wa nini?"

Ilimuuma Sajini, lakini ilikuwa kweli. Aliyekata ukurasa mmoja alikuwa na lake humo.

Alimpigia mkewe kuuliza ukurasa ule ulijazwa wapi. Ulijazwa kibandani kwa baba wa mwalimu, mzee kinyozi waliyeishi naye, aliyewasainisha wateja wake. Hapo Sajini akakumbuka chakula cha jana. Mwalimu alieleza kuwa karani wa halmashauri atahakiki kila jina, na likipatikana moja la uongo, daftari zima linatupwa. Mzee, ambaye hajawahi kubakiza hata punje, alisukuma sahani akaenda kulala. Kikulacho ki nguoni mwako.

Saa mbili na nusu alimkuta kinyozi ameketi kwenye kiti cha wateja.

"Baba, nimefuata ukurasa."

Mzee aliutoa chini ya taulo. Mstari wa mwisho ulikuwa na jina la mkewe, aliyefariki mwaka jana.

"Aliwapenda wale ndege kuliko mimi," alisema. "Nikaona asikosekane. Jana nikasikia nitamharibia mwanangu kazi, nikaona haya kumwambia. Nilidhani wanaobaki watatosha."

Sajini alikwishahoji majambazi sugu, lakini hapa hakuuliza zaidi; alimshika mzee mkono wakaondoka.

Nyumbani mwalimu alimgombeza baba yake huku amemkumbatia, machozi yakimtoka. Mzee alilifuta jina kwa mkono wake mwenyewe. Zikabaki saini mia nne tisini na tisa, na ilikuwa saa tatu na dakika tano. Mwalimu aliukazia macho ukurasa, hakumtazama mumewe hata kidogo. Alikuwa anamjua.

Sajini akavua miwani.

"Kalamu iko wapi?"

"Andika hapo chini yake, mkwe wangu," mzee alisema. "Atafurahi."

Aliandika jina lake lote, pamoja na cheo. Saa nne kasoro dakika kumi karani alihesabu mara mbili, akagonga muhuri.