Mafaili Manne ya Kasuku

Lifti ilikuwa imekufa tena siku mshona nguo alipokutana na fundi. Ngazi za hospitali zimefurika watu, binti yake wa miaka saba yuko mgongoni, gauni la njano limelowa jasho. Mtoto alizaliwa na mgongo wazi. Miguu haikumtii, lakini mdomo ulikwenda kwa niaba yake, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kasuku.

"Nikusaidie kumbeba, mama?" Aliyeuliza alivaa aproni ya ngozi, penseli sikioni: fundi wa vyuma vya miguu, ghorofa ya tatu.

"Mwanangu habebwi na nisiyemjua."

"Basi nijue kwanza."

Kasuku akacheka. Mama mtu akajikaza asicheke, akashindwa.

Wakapeana namba, simu zikaanza. Mpenzi, umekula? Malkia, leo umeshona nini? Lakini maongezi hayakukawia kurudi kwenye donda lao: Jumatatu daktari wa mgongo, Jumanne wa figo, Jumatano wa mifupa, Ijumaa vyuma kwa fundi mwenyewe. Kila mlango na faili lake, hakuna asomaye la mwenzake. Miaka saba mama huyu alikuwa tarishi asiye na mshahara, maneno ya madaktari kichwani, mtoto mgongoni. Na wakubwa wa hospitali walijua. Walijua, wakanywa chai.

Fundi akaapa atawakalisha madaktari wote meza moja. Jumanne ya kikao cha wakubwa aliyachukua mafaili manne ya Kasuku, akayafunga kwa kamba ya kiatu, akayabwaga mbele ya wakubwa. Mtazameni mtoto mliyemkata vipande vinne, aliwaambia. Wakanywea. Wakakubali: kila Alhamisi, chumba kimoja, madaktari wote.

Ila mama hakuambiwa. Asubuhi hiyohiyo alikuwa dirisha la figo na mtoto wake. Faili halionekani, karani akawarudisha nyumbani. Siku ya nne Kasuku akashikwa na homa, akalazwa, na figo moja ikawa imeumia. Karani ndiye aliyemtajia mama jina la aliyetia saini kuyachukua mafaili.

Sababu za fundi alizisikiliza mara moja tu, kwenye simu. "Kumbe mwanangu ni mfano wako," akasema, akakata. Hakupokea tena.

Alhamisi ya kwanza mama alikwenda, kwa ajili ya mtoto. Daktari wa figo alisoma, wa mgongo akachungulia begani mwake, wakatazamana. Uti wa mgongo umenasa kwenye kovu la zamani, wakamweleza. Ndio unaovuruga kibofu, na kibofu ndicho kinachoumiza figo. Atapasuliwa mwezi huuhuu.

Miaka saba, na jibu limepatikana kwa dakika ishirini. Mama alilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Fundi alisimama pembeni na utepe wake wa kupimia. "Nilipaswa kukuuliza kwanza. Sina la kujitetea."

"Mwombe mwenye figo."

Akapiga magoti mbele ya Kasuku. Mtoto akamkagua. "Umekonda kama vyuma vyako," akasema. "Mama naye hali. Ananidanganya kashiba."

Lifti ilikuwa bado imekufa. Juu ya ngazi mama akasimama, mtoto mgongoni, fundi nyuma yao.

"Siku nyingine ukitaka kushika hata karatasi yenye jina lake, unaanza na mimi."

"Naanza na wewe."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Mama akafungua fundo la mbeleko. "Mbebe," akasema. "Polepole. Mgongo wake huo."