Mhusika Mwenye Miguu Mizima

Haya yalimkuta rafiki yangu mmoja, fundi umeme, mtu asiyetishika ovyo. Jioni moja aliketi kwenye kompyuta kutengeneza mhusika wake wa mchezo wa mtandaoni. Wenzake huchagua majitu yenye mapembe. Yeye alichagua masikio, kidevu, hata upara wa kaka yake, wakafanana kama shilingi kwa ya pili. Isipokuwa mguu. Kaka, anayeishi naye, hutembelea gongo tangu siku fundi alipoachia ngazi aliyopaswa kumshikia, ili apokee simu.

"Humu angalau utembee, kaka," alinong'ona, akampa miguu mizima.

Mara umeme ukakatika. Giza totoro. Kompyuta ilizimika, lakini spika zikaendelea kutoa mlio wa mwendo wa kaka: hatua moja, kisha mguu ukiburutwa. Ko, krrr. Ko, krrr.

"Kaka!" akaita. "Una tochi huko?"

"Nakuja, mdogo wangu," kaka akajibu kutoka chumba cha pili, kwa uchangamfu ambao fundi hakuwa ameusikia tangu siku ya ngazi.

Hatua zikaja kwenye korido, nyepesi, za miguu miwili, zikasimama mlangoni.

Fundi akapapasa gizani ainuke. Mkono wake ukaangukia gongo la kaka, limeegemea kiti chake, na mshikio bado una joto.