Mkono Ukiinuliwa

Mchana ule zahanati ya chuo ilifurika wanafunzi, huyu kikohozi, yule tumbo, mwingine kakimbia mtihani tu. Nesi, msichana wa mwaka wa tatu wa uuguzi, alikuwa akipita na beseni la pamba, gauni lake jeupe limenyooshwa pasi likanyooka, mkanda wa buluu umemkaa kiunoni. Ndipo alipomwona kijana mrefu kwenye bomba la maji, shati limechanika, utumbo unaning'inia nje, naye anakunywa maji kwa raha zake.

Beseni likaanguka. Nesi alimrukia, akambwaga sakafuni puu, akamkandamiza tumbo kwa mikono miwili.

"Leteni machela! Kaka, usifumbe macho! Unanisikia?"

"Nakusikia, dada," kijana alisema kwa tabu. "Ila taratibu, utanivunja mbavu za kweli. Hiyo damu ni sharubati, na huo utumbo ni mpira."

Foleni nzima ikaangua kicheko, waliokuwa wanakohoa wakasahau kukohoa. Kumbe yule alikuwa mgonjwa wa kuigiza. Chuo kilikuwa kimemwajiri wiki ile augue mbele ya wanafunzi wa uuguzi, wakosee kwake, wasije wakakosea kwa mtoto wa mtu. Wote walimwita Mgonjwa, ingawa hata mafua yalimpitia mbali.

Nesi alinusa viganja vyake. Sharubati kweli. "Huna haya! Unatembea na utumbo hadharani?"

"Kiu haina adabu. Lakini tangu nizaliwe sijaangushwa na mrembo. Kesho niangushe tena."

Tangu siku ile simu haikupoa.

"Halo, mpenzi. Leo unaumwa nini?"

"Asubuhi figo, mchana kichaa. Jioni naumwa na wewe."

"Ugonjwa huo hauna dawa, laazizi."

"Basi nilazwe."

Nesi alicheka hadi wenzake wa bwenini wakamtupia mto. Lakini moyoni alikuwa na donda. Dada yake mkubwa aliolewa na mwanaume aliyemvunja taya kwa ngumi kwa sababu ya chai iliyopoa. Mpaka leo dada akitafuna, mfupa unalia ko, ko. Nesi alijiapia: mwenye mkono mwepesi hatakanyaga kizingiti chake, hata awe malaika.

Ikaja zamu ya zoezi la mgonjwa mwenye ghadhabu. Mwalimu wao, mama mnene wa miwani, alikumbusha sheria: atakayezidiwa ainue mkono mmoja juu, na kila kitu kisimame palepale. Kisha akawafundisha tena kumtuliza mgonjwa kwa kumwonyesha viganja vitupu.

Mgonjwa akaanza. Alipiga teke kiti kikagonga ukuta, akapasua chupa ya maji, akamshika Nesi koo na kumbana kabatini. Macho yake yalikuwa mekundu, shingo imetoka mishipa. Nesi hakumwona tena mpenzi wake, alimwona shemeji yake. Maneno yote ya darasani yakamkauka mdomoni. Mkono wake mmoja ulibanwa katikati ya vifua vyao. Akainua ule mwingine, kiganja wazi.

Mgonjwa hakuacha. Alidhani anatulizwa, kama walivyofundishwa. Akamtikisa mara nyingine.

Nesi alipapasa nyuma, akashika sinia la chuma la vifaa, akampiga nalo usoni kwa nguvu zake zote. Nyusi ikapasuka. Mgonjwa akaenda chini, damu ikimchuruzika mpaka kidevuni.

Darasa likapiga makofi. "Damu ya leo kiboko!" mmoja akasema huku anaandika.

Mwalimu ndiye aliyeinama, akagusa, akanusa. "Nyie wajinga, hii haina sukari! Leteni shashi tuzibe kidonda!"

Nje ya chumba Mgonjwa alimfuata Nesi, kitambaa usoni. "Mpenzi, sikujua umeinua mkono ili niache. Naapa."

"Yale macho ulijifunza wapi?"

"Kwa baba. Nilimwona akimkaba mama mara nyingi. Mwalimu akisema ghadhabu, sina nyingine ya kuigiza."

"Basi imo ndani yako. Usinipigie tena."

Simu ililia, hakupokea. Dada naye akachochea: "Mdogo wangu, anayejua kuigiza kipigo, kipigo anacho."

Dada aliyasema hayo akiwa amejificha bwenini kwa Nesi, maana safari hii mumewe alitishia kummaliza. Siku Nesi alipompeleka zahanati taya likatazamwe, Mgonjwa alikuwa kwenye benchi la nje akisubiri kutolewa nyuzi za nyusi. Walitazamana, wakakwepeshana macho. Nesi na dada wakaingia chumba cha matibabu.

Hawajakaa, ukumbini sauti ikanguruma: "Mke wangu yuko wapi?"

Shemeji alikuja na nondo. Akavunja kioo cha dirisha la dawa, watu wakatawanyika wakikanyagana. Alipoufikia mlango wa matibabu, alimkuta Mgonjwa ameuegemea kwa mgongo.

"Toka, nikupasue!"

"Kaka, hapa hupiti."

Nondo ikashuka begani. Ikashuka tena mkononi, mfupa ukasikika kah! Manesi wa mwaka wa kwanza, kwa kumwona Mgonjwa, walisimama kutazama. Mmoja akafungua daftari. Nesi aliona yote kwenye kioo kidogo cha mlango. Shemeji alijikwaa mara mbili, uso hauna kinga, na Mgonjwa hakurusha ngumi. Alizidi kuubana mlango tu. Kisha mkono wake mzima ukapanda juu ya kichwa, kiganja wazi.

"Ameinua!" Nesi alipiga yowe. "Si zoezi hili!"

Akasukuma mlango kwa bega, akachomoka na chuma cha kutundikia dripu, akamchapa shemeji magotini. Wale wanafunzi wakashtuka, wakamrukia wote kama siafu, wakamkalia mpaka walinzi walipofika na pingu.

Baadaye Mgonjwa alilala kitandani, mkono umefungwa plasta nzito. Nesi alimfuta damu shingoni.

"Kwa nini hukumpiga?"

"Niliogopa, laazizi. Kuanza kupiga najua. Kuacha sikujua kama najua."

Dada, kitanda cha pili, akaguna. "Mdogo wangu, nilisema ovyo. Sikiliza moyo wako, mie taya linauma."

Mgonjwa alijiinua kwa kiwiko. "Leo siigizi. Nataka nikuoe. Nitakupenda mpaka nizeeke, nitakupikia, sitakuinulia hata sauti, na kama..."

Nesi akainua mkono mmoja juu.

Mgonjwa akanyamaza katikati ya neno, mdomo wazi. Nesi hakuushusha. Mkokoteni wa dawa ulipita ukumbini, dada akakohoa, bega la Nesi likaanza kuuma. Mgonjwa hakutikisika wala hakupepesa macho, machozi yakimteleza mashavuni.

Taratibu Nesi akaushusha mkono, akauweka juu ya ule wa plasta.

"Haya," alisema. "Endelea kuniposa."