Weupe Kando ya Zita

Negativu ilikuwa kavu, lakini ilinuka tope. Qamara, fundi picha wa Haydom, aliinusa mara mbili, akamtazama kwa wasiwasi mama aliyeileta. Mama huyo, Marieta, alisema imekaa ndani ya Biblia miaka ishirini kwake Endagikot, na tope limetoka wapi yeye hajui.

Picha aliipiga mwenyewe kwa kamera ya kuazima, macho yake yote yakiwa kwa mwanawe. Zita amesimama mlangoni na gauni la komunyo ya kwanza, ameshikwa mkono na mtu aliyemezwa na weupe wa jua. Marieta alipokwenda kurudisha kamera, Zita akatoweka. Jioni akakutwa chemchemini, amekufa. Wifi wa Marieta, Kornelia, aliyebaki na mtoto, aliapa kwamba mtoto aliondoka na mama yake. Uongo gani huo, jamani! Tangu hapo Marieta hakumwamini hata kwa kikombe cha maji. Leo tu, kwa kukosa mtu, amemwachia mjukuu wake, Judith.

"Nitolee uso wa Kornelia hapo kwenye weupe," alisema. "Nife nikijua."

Qamara akaskani. Weupe mtupu. Akamweleza kwamba palipo peupe kwenye picha, kwenye negativu ni giza zito, na skana yake ya zamani haina nguvu ya kulipenya. Tena kwa biti nane, toka nyeusi hadi nyeupe zipo ngazi mia mbili hamsini na sita tu, basi vyeupe vyote vinarundikana ngazi moja. Akawasha ile mpya, akaiweka biti kumi na sita: ngazi zaidi ya elfu sitini na tano. Marieta akamkodolea macho, akihofu atapachika kitu chake.

"Siongezi kitu, mama. Kilichomo ndicho kitakachotoka."

Kikatoka. Kwanza vidole, vinachuruzika maji ilhali mlango mzima unawaka jua la kiangazi, kisha mkono, kisha kitenge kilekile alichovaa Marieta siku ile, na harufu ya tope ikapanda mpaka Qamara akaziba pua, na kila alipopunguza mwanga uso ukaja, ukazidi kuja, mpaka ukatulia ukiwatazama wote wawili, uso wa Marieta.

"Mimi ndiye niliyeshika kamera," Marieta alinong'ona.

Alishasikia habari za wale wa chemchemi, wanaovaa sura za watu, akazipuuza. Kumbe Kornelia hakudanganya. Miaka ishirini! Aibu ilimchoma, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi. Akampigia Kornelia simu.

"Wifi, mshike Judith. Usimpe mtu yeyote, hata mimi."

Kornelia alishangaa.

"Si umemchukua sasa hivi, wifi? Umesema unampeleka kunawa. Nikaona kitenge chako kimelowa chote, nikaogopa hata kukuuliza."