Timazi ya Heledd

Rafiki yangu Heledd aliapa kuuchora kwenye ramani ya ghuba yao, huko Wales, mji unaosimuliwa kuwa ulizama humo zamani, pale pale alipoelekezwa na marehemu bibi yake mzaa mama.

“Tukikuta mchanga mtupu, unaufuta,” alisema mjomba wake Ithel, mwenye mashua.

“Wewe piga makasia tu, mjomba!”

Ukungu ukatanda. Chini ya maji, kengele ikalia.

“Turudi, mwanangu.”

“Nikafute maneno ya mama yako? Thubutu!”

Heledd akapaka shahamu kwenye kitako cha timazi, ile risasi yenye kamba ya kupimia kina, ili inase udongo wa chini, akaitosa. Kengele ikanyamaza. Akaivuta timazi juu.

“Ni mchanga?” Ithel alinong’ona.

Heledd alimsogezea ajionee. Kwenye shahamu yalinata majivu ya jikoni, makavu, bado yana joto.