Mwavuli wa Watu Wawili

Mpunga ulipoanza kukaza punje, Noela na mdogo wake Balbina walihamia na mama yao kwenye dungu, kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo katikati ya shamba, ng'ambo ya mto Kilombero. Kila asubuhi kazi ilikuwa moja: kupiga debe na kupaza sauti ili ndege waondoke.

Balbina, mwenye miaka mitano, aliogopa ngazi ya dungu. Noela akitangulia chini, yeye hufumba macho na kujirusha mikononi mwa dada yake. Hakuwahi kuangushwa.

Siku moja baba alikuja kutoka Ifakara na barua ya mama mdogo Philomena, aliyekuwa akisomea uuguzi Zambia. Ndani mlikuwa na picha ya watu wawili angani, wamefungwa pamoja chini ya mwavuli mkubwa.

“Desemba mimi na wanafunzi wenzangu tutakwenda likizo Afrika Kusini, kwenye jua na bahari,” Noela aliwasomea. “Huko nitaruka kutoka kwenye ndege kwa mara ya kwanza, nimefungwa kifuani kwa mwalimu. Kamba atavuta yeye. Kazi yangu ni kumwamini tu.”

Mama alicheka. “Huyu Philomena! Kwani ardhi imemkosea nini?”

Noela hakucheka. Alikuwa tayari anapanga. Ndege ya kurukia hawana, lakini dungu lipo. Na mwavuli? Chandarua!

Kesho yake mama alipokwenda kuteka maji, Noela alimfunga Balbina kifuani kwa khanga, akashika pembe za chandarua.

“Mimi mwalimu, wewe mama mdogo. Fumba macho.”

“Nimefumba, dada.”

Wakaruka. Chandarua kilinasa kwenye ncha ya mti, kikachanika kraaa! Wakatua kwenye tope, puu! Walicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha Noela akaliona tundu. Kichwa cha mtoto kingepita.

“Usimwambie mama. Ahidi.”

“Naahidi.”

Noela aliugeuzia ukutani upande uliochanika. Upande huo ndio aliolalia Balbina.

“Dada, mbu wananiuma,” Balbina alilalamika asubuhi moja.

“Nyamaza! Si umeahidi?”

Wiki ya pili Balbina aliamka mwili unawaka moto. Kabla ya mchana degedege likamshika. Mama alimbeba mgongoni, wakavuka mto kwa mtumbwi, wakakimbilia hospitali.

“Mtoto analala kwenye chandarua?” mganga aliuliza.

“Kila siku!” mama alijibu huku akilia. Alimwinamia mgonjwa. “Balbina mwanangu, mbu wamekupataje?”

Balbina alifumbua macho kwa shida, akamtazama dada yake. “Nimeahidi,” alinong'ona.

Noela hakuweza kuvumilia. “Ni mimi, mama! Nilikichana mimi, nikamlaza kwenye tundu!”

Mama hakumpiga. Aligeukia ukuta, mabega yakitetemeka. Noela aliona bora angechapwa.

Dawa zilifanya kazi, Balbina akapona. Waliporudi shambani, mama alimpa Noela sindano na uzi. Noela alishona mpaka vidole vikauma, kisha akashuka na kuinua mikono kama zamani.

“Ruka, Balbina. Nitakudaka.”

Balbina alitikisa kichwa. Alishika ngazi kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kushuka polepole. Machozi yakamtiririka Noela.

“Mama, hataniamini tena?”

“Alikutunzia siri mpaka akakaribia kufa,” mama alisema taratibu. “Ukikosea, mwanangu, sema siku ileile. Chandarua tungekishona na mtoto asingeumwa. Sasa una kazi nyingine ya kushona, na hiyo haina sindano. Utaifanya kwa kusema kweli kila siku, hata kama itachukua muda mrefu.”

Balbina alifika kwenye kipago cha mwisho, akasimama. Chini kulikuwa na tope. Alimtazama dada yake kwa muda mrefu, kisha akampa mkono mmoja.

Safari hii hakufumba macho.